Nasibu Si Ovyo: Vifaranga Hawajamwangusha de Saussure

Kila aliyesoma Kiswahili sekondari ataisema fasili hii hata ukimwamsha usiku wa manane: lugha ni mfumo wa sauti nasibu zenye maana, zilizokubaliwa na jamii ya watu ili zitumike katika mawasiliano. Tuliiandika daftarini tukiwa kidato cha kwanza, tukaijibia mtihani, na wengine tukaenda nayo hadi chuo kikuu. Sasa imeingia mashakani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, wametoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa vifaranga wa kuku wenye umri wa siku chache tu. Walizoeshwa kutafuta chakula nyuma ya kibao chenye mchoro, kisha wakawekewa vibao viwili, kimoja kikiwa na umbo la mviringo na kingine umbo lenye ncha. Iliposikika sauti "kiki", wengi walielekea kwenye ncha. Iliposikika "bouba", wengi walikwenda kwenye mviringo, na hakuna aliyewafundisha. Habari ikasambaa, na hukumu ikasambaa nayo: kumbe sauti zina maana ya asili, kumbe Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi aliyefundisha kwamba uhusiano wa sauti na maana ni nasibu, alikosea, basi neno "nasibu" lifutwe vitabuni.

Hukumu hiyo imetolewa kabla kesi haijasikilizwa. Jaribio la vifaranga ni zuri na nimelifurahia, ila halisemi kile linachosemeshwa. Linaonyesha kwamba sikio na jicho vina mapatano yaliyokuwepo kabla ya lugha. Lugha huyatumia mapatano hayo pale inapoyahitaji na kuyapuuza pale yanapoisumbua. Kutoka hapo hadi kusema kwamba maneno yana maana ya asili ni safari ndefu, na wengi wanairuka kwa sababu neno "nasibu" lenyewe hatukufafanuliwa vizuri tangu mwanzo. Masikioni mwetu nasibu inakaa karibu na bahati nasibu, tiketi na kubahatisha, hivyo mwanafunzi anaposikia "sauti nasibu" anadhani ni sauti zilizookotwa ovyo. Akija mtu kumwonyesha kwamba hazikuokotwa ovyo, anaamini nadharia nzima imeanguka. Lakini sehemu ya pili ya fasili ile ile, "zilizokubaliwa na jamii", ndiyo inayoifafanua ya kwanza. Nasibu maana yake ni kwamba hakuna kitu ndani ya ng'ombe kinachoilazimisha jamii kumwita ng'ombe. Jamii ikishakubaliana, hakuna ovyo tena, kwani wewe peke yako huwezi kuamka kesho ukamwita jina lingine ukaeleweka.

De Saussure alizaliwa Geneva mwaka 1857 na kufariki mwaka 1913. Kozi yake ya isimu ya jumla aliifundisha kati ya mwaka 1907 na 1911, na kitabu kinachobeba mawazo hayo kilitungwa na wenzake, Charles Bally na Albert Sechehaye, kikatoka mwaka 1916 yeye akiwa kaburini. Mfano wake maarufu ni huyo huyo ng'ombe, ambaye upande mmoja wa mpaka anaitwa kwa neno la Kifaransa na upande wa pili kwa neno la Kijerumani, na maneno hayo hayana udugu wa sauti. Sisi tuna ushahidi mzito zaidi ndani ya nyumba yetu, nao ni tarakimu. Wahenga wetu walihesabu tano, tandatu, fungate, nane, kenda. Leo tunasema sita, saba na tisa, maneno tuliyoyachukua kwenye Kiarabu. Tandatu bado iko kwa ndugu zetu wengi wa Kibantu, fungate imebaki kwa maharusi na siku zao saba, na kenda bado inajulikana kwa wazee na washairi. Sauti ziliondoka, nyingine zikakaa mahali pake, na idadi ya vidole haikutikisika. Kama sauti ya "tandatu" ingekuwa na usita ndani yake, kubadilishana huko kusingewezekana, au kungeacha kovu. Halikuachwa kovu lolote. Chukua pia neno "paa": ni la nyumba, ni mnyama wa porini, ni kupanda angani, na ni kumwondolea samaki magamba. Sauti ni moja, maana ni nne, na msikilizaji hapotei hata sekunde.

Wanaomshambulia de Saussure huzungumza kana kwamba hakuwahi kusikia mbwa akibweka. Alisikia, na akajibu. Alisema maneno yanayoiga sauti ni machache, na hata hayo yameshapita mikononi mwa jamii: jogoo ni yule yule, lakini kwetu anawika kokoriko na kwa Wajerumani anawika kikeriki. Alitaja pia maneno ya Kifaransa yanayosikika kama mwangwi wa kitu chenyewe, likiwemo neno la mjeledi, akaonyesha kwamba ukilifuata hadi Kilatini unakuta lilitokana na jina la mti. Mwangwi tunaousikia leo uliingia kwa bahati ya mabadiliko ya matamshi. La muhimu zaidi, na ambalo halinukuliwi, ni kwamba alikiri unasibu una viwango. Alitoa mfano wa jina la mti wa matunda linalotokana na jina la tunda. Msomaji wa Kiswahili hahitaji Kifaransa kuliona hilo: embe na mwembe, chungwa na mchungwa, nazi na mnazi. Hakuna sababu ya tunda kuitwa embe, ila ukishalikubali, mti wake ukiitwa mwembe una sababu kamili. Sababu hiyo inatoka ndani ya lugha, wala haikutoka shambani. Tushike hapo, tutaparudia.

Upande wa pili una hoja za kweli. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliligusa jambo hili mwaka 1929 kwa maneno ya kubuni na michoro ya mviringo na ya ncha. Mwaka 2001 V. S. Ramachandran na Edward Hubbard wakalifufua kwa majina ya bouba na kiki, wakisema watu 95 kati ya 100 wanachagua vilevile. Mwaka 2013 ulitoka utafiti uliofanywa kwa Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, wasemaji wa lugha ya Kibantu kama sisi, ambao hawakuwa na mazoea ya maandishi. Nao walioanisha sauti na maumbo kama Wazungu. Huo ulikuwa ushahidi muhimu, kwa sababu wakosoaji walikuwa wakidai kwamba watu wanafuata tu umbo la herufi, k yenye pembe na b yenye tumbo. Lakini Wahimba hao hao walipoonjeshwa vyakula na vinywaji ili wavioanishe na maumbo, hawakufuata mkondo wa Wazungu. Kisha mwaka 2022 ukatoka utafiti mpana zaidi, lugha 25, ambao kwa jumla ulipata takriban asilimia 72. Ni kiwango kikubwa kuliko kubahatisha, lakini kati ya 95 na 72 pana nafasi, na zipo lugha ambazo wasemaji wake hawakuonyesha mwelekeo huo kabisa. Kitu cha asili tupu kisingepanda na kushuka hivyo kwa kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine.

Utafiti ninaouheshimu kuliko wote katika upande huo ni wa mwaka 2016, ulioongozwa na Damián Blasi. Wao waliyaacha maneno ya kubuni wakachukua orodha za msamiati wa msingi wa lugha zinazokaribia theluthi mbili ya lugha zote duniani. Walikuta kwamba neno la pua huelekea kuwa na sauti n, neno la ulimi huelekea kuwa na l, neno la -dogo huelekea kuwa na irabu i, na neno la mchanga huelekea kuwa na s. Sasa tupime kwetu. Ulimi: l ipo, tena i mbili. Pua: n haipo. Mchanga: s haipo. Na -dogo lina o mbili, irabu ambayo nadharia hii isingeitarajia kwenye udogo. Zaidi ya hapo, tukitaka kukipunguza kitu tunasema kijitu, na tukitaka kukikuza tunasema jitu, na irabu ya ji- ni ile ile i ya ki-. Mtu asiyekijua Kiswahili akiambiwa achague kwa sikio lipi kubwa na lipi dogo kati ya jitu na kijitu, sijui angeshika nini. Natoa mifano hii kwa tahadhari, maana lugha moja haiwezi kuupindua mwelekeo wa maelfu ya lugha, na Blasi na wenzake hawakudai kwamba kila lugha lazima itii. Ninachosema ni kwamba mwelekeo wa aina hiyo ni kama upepo wa kusi. Unazisukuma ngalawa zote upande mmoja, lakini kila nahodha anafika anakotaka.

Tuwarudie vifaranga. Wanashangilia watu kana kwamba kifaranga ameelewa neno, lakini kifaranga hana maneno. Yumkini alichonacho ni mfumo wa hisi unaojua jinsi ulimwengu unavyolia. Ukivingirisha nazi sakafuni, sauti yake ni nzito na inatiririka bila mikato. Ukimwaga kokoto, sauti zinakatika, ni nyembamba, zinagongana. Vitu vya mviringo na vya pembe vinalia tofauti kwa sababu za kifizikia, na mnyama anayeishi humu duniani ananufaika akizaliwa na fununu hiyo. Kuna jambo jingine linalopaswa kumfikirisha kila mwenye haraka: mwaka 2019 sokwe na gorila, ndugu zetu wa karibu kuliko kuku, walijaribiwa kwa namna yao na hawakuonyesha uoanishaji huo. Mbinu za majaribio hayo mawili zilitofautiana, kwa hiyo sitaki kujenga nyumba juu yake. Ila ikiwa kiumbe asiye na lugha hata kidogo anao uwezo huu, na walio karibu nasi hawakuuonyesha, basi uwezo huu hauwezi kuwa ndio siri ya lugha. Ni mbao zilizokuwepo kabla fundi hajafika.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni, ni ile ya kuokota maneno. Mtu anaandika: tazama, "bubujika", b na u zinasikika kama maji yanayofoka, kwa hiyo b na u zina maana ya wingi na mtiririko. Ni kweli bubujika linapendeza sikioni. Lakini toa kiambishi chochote kinachokusumbua, uje kwenye "bubu". Ni b zile zile na u zile zile, na maana yake ni mtu ambaye sauti haimtoki. Kama silabi "bu" ingebeba mfoko kwa asili yake, bubu angekuwa msemaji kuliko wote. Anayeokota maneno huyaona yanayomkubali, na kamusi nzima inayomkataa haioni. Ndivyo ilivyo pia kwa hoja ya "mama", kwamba sauti m ni ya mama kwa kuwa ni ya kunyonya. Kwa Wageorgia wa Caucasus, "mama" ni baba, na mama wanamwita "deda". Watoto wao wananyonya kama wa kwetu.

Basi sauti na maana zinakutana wapi kwa kweli? Kwetu tunapajua, tumepapa jina, kisha tumepafungia kwenye orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani: tanakali za sauti. Chukua anguko moja tu, la kitu kile kile. Likianguka majini, chubwi. Matopeni, tapwi. Mchangani, tifu. Sakafuni, pu. Yatamke polepole na usikilize kinywa chako. Katika chubwi, ch ni kupasuka kwa uso wa maji, bw ni midomo inayojifunga kama maji yanavyojifunga juu ya kitu, na i ya mwisho ni matone yanayoruka. Katika tapwi, midomo inanata kwenye pw kama mguu unavyonata. Tifu ina f, pumzi ya chembe zinazotawanyika. Pu haina mkia wowote, kwa sababu sakafu haina cha kurusha wala cha kumeza. Hapa kuna ufundi, na anayesema haya ni mapambo tu hajaisikiliza lugha yake.

Lakini endelea mbele kidogo, kwenye nyeupe pe, nyekundu ndu, nyeusi ti, kimya jii, lala fofofo. Weupe hauna sauti, na kimya ndicho ukosefu wenyewe wa sauti. Pe inaiga nini? Liangalie neno lililotangulia: nyeu-pe, pe. Nyeku-ndu, ndu. Tulia, tuli. Kauka, kau. Kwa jinsi ninavyoona, tanakali hizi haziigizi rangi wala hali. Zinaliigiza neno lenyewe. Zinachukua kipande cha sauti ambacho jamii ilikwisha kukikubali, zinakirudia kwa mkazo, na kwa kukirudia zinaongeza maana. Ni jambo lile lile la embe na mwembe, sababu inayotoka ndani ya lugha. Na ti ya nyeusi inavunja hata kanuni hiyo, maana mwangwi wa nyeusi ungekuwa si. Kwa hiyo katika eneo lile lile tunalolitoa kama ushahidi wa uasili, tunakuta tabaka tatu: chubwi iliyo karibu na ulimwengu, pe iliyo karibu na neno, na ti ambayo mgeni hana budi kuambiwa. Utafiti uliotoka mwaka 2016 unakubaliana na picha hiyo. Wasikilizaji wa Uholanzi walisikilizishwa tanakali 203 kutoka Kijapani, Kikorea, Kisemai cha Malaysia, na Kisiwu na Kiewe za Afrika Magharibi, wakisie maana. Walikisia vizuri kuliko kubahatisha, lakini kwa kiasi cha wastani tu, na zilizowaelekea zaidi zilikuwa zile zinazohusu sauti.

Nasisitiza hili kwa sababu dai la uasili lina historia mbaya kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Diedrich Westermann, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, alikusanya tanakali za Kiewe, nyingi zikiwa za namna za kutembea. Mwaka 1910 mwanafalsafa Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl akazichukua, akazitumia kuonyesha kwamba watu wa jamii alizoziita duni wanafikiri kwa picha na hawafiki kwenye dhana. Sauti iliyo karibu na kitu ikafanywa alama ya akili iliyo karibu na unyama. Hiyo ndiyo bei tuliyolipishwa kwa lugha zetu kusifiwa kuwa "za asili". Mwanaisimu Clement Doke alipoipa aina hii ya maneno nafasi yake katika istilahi za lugha za Kibantu mwaka 1935, alisaidia kuirudisha kwenye sarufi, mahali inapostahili. Na Kijapani kina maelfu ya maneno ya namna hii, ambayo mgonjwa huyatumia kumweleza daktari kama maumivu yake yanachoma au yanapwita. Hakuna anayesema Wajapani hawajafika kwenye dhana.

Kwa nini basi lugha isiwe tanakali tupu, ikiwa zinasaidia hivyo? Maana zinasaidia kweli: Mutsumi Imai na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa Kijapani wa miaka mitatu walijifunza vitenzi vipya kwa urahisi zaidi vilipofanana kisauti na kitendo. Jibu nililiona soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi moja mnadani. Mnadi anapiga kelele, injini za boti zinanguruma, barafu inamwagwa, na katikati ya hayo yote mnunuzi anasikia bila kukosea: changu, tasi, kibua, pono, jodari, kolekole. Wote ni samaki, wote wana mapezi na magamba au ngozi yenye kuteleza. Kama majina yao yangefuata maumbo yao, yangefanana kama wanavyofanana wenyewe, na katika kelele zile mtu angelipia jodari akapewa kibua. Vitu vinavyokaribiana kwa maana ndivyo vinavyohitaji majina yaliyoachana kwa sauti. Unasibu unafanya kazi. Mtoto mwenye maneno 50 ananufaika na mfanano, mtu mzima mwenye maelfu ananufaika na utengano, na lugha inayokua hulazimika kuondoka kwenye wa kwanza kuelekea wa pili bila kuutupa wa kwanza kabisa.

Kwa hiyo sitaki neno "nasibu" lifutwe kwenye fasili. Nataka lifundishwe, kwa kenda na fungate, kwa paa na embe, ili mwanafunzi aone ni mapatano ya watu na si kura. Na tanakali zitoke kwenye orodha. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi ajaze nafasi baada ya "ameanguka majini" anampima kumbukumbu. Angemwomba aeleze kwa nini tapwi isingefaa pale, angempima masikio na akili kwa pamoja, na darasa lingebishana hadi kengele.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote, kwa kuwa mashine za kusikia na kusema Kiswahili zinatengenezwa sasa hivi. Nyingi hulishwa usomaji wa habari na matini yaliyoandikwa, na huko tanakali ni adimu na zimekauka. Kamusi inaandika pe kwa herufi mbili. Mwuza kanzu wa Zanzibar anayekunjua kitambaa mbele yako haitamki hivyo: anaivuta, anaipandisha, midomo inabaki wazi, na mkono unapita juu ya kitambaa muda wote sauti inapoendelea, peee. Urefu ule ni sehemu ya maana, na kipimo chake hakipo katika kitabu chochote cha sarufi nilicho nacho. Kinahitaji vinasa sauti na kamera, Pemba, Lamu, Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi, kwa wazee na kwa watoto wanaocheza uani, kabla hatujaamua pe ni ndefu kiasi gani na nani anaivuta zaidi.